Raja Ravi Varma: Mchoraji Aliyempa Devi Sura ya Mama wa Nyumbani

Katika maduka mengi ya Wahindi wa Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa na Zanzibar hadi Mwanza na Kampala, imetundikwa ukutani picha ya mwanamke aliyesimama juu ya ua la yungiyungi katikati ya maji. Amevaa sari nyekundu, ana mikono minne, na kando yake yupo ndovu. Huyo ni Lakshmi, Devi wa baraka na riziki. Majirani zetu wameiona picha hiyo tangu utotoni, hasa kwenye kalenda ambazo wenye maduka huwagawia wateja wao, na wengi wametuuliza maswali mawili ya haki kabisa: kwa nini Mungu achorwe katika mwili wa mwanamke, na kwa nini mwanamke huyo awe na mikono minne. Hata miongoni mwetu wapo ambao wangetatizika kuyajibu.

Sura hiyo iliyoenea kote ilitokana zaidi na kazi ya mtu mmoja, mchoraji Ravi Varma, aliyefariki dunia zaidi ya miaka 100 iliyopita. Katika toleo hili la kumbukumbu ya hekalu letu, inafaa maisha yake yasimuliwe, kwani ndani ya maisha hayo majibu ya maswali yale mawili yanapatikana.

Ravi Varma alizaliwa tarehe 29 Aprili 1848 katika kasri la Kilimanoor, kwenye ufalme wa Travancore, kusini kabisa mwa India, nchi ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Kerala. Ukoo wake ulikuwa na uhusiano wa ndoa na wafalme wa Travancore. Baba yake alikuwa Mbramini na mwanachuoni wa Kisanskriti. Mama yake, Umayamba, alikuwa mshairi. Katika koo kama ule wa Kilimanoor, nasaba na mali vilihesabiwa upande wa mama, desturi ambayo haitawashangaza wasomaji wanaowafahamu Wamakonde au Wamwera. Mtoto huyo alikulia basi katika nyumba ambamo mwanamke ndiye aliyekuwa mzizi wa ukoo. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichora wanyama kwa makaa kwenye kuta za kasri, na badala ya kuadhibiwa, mjomba wake Raja Raja Varma, aliyekuwa mchoraji pia, alikitambua kipaji chake na kuanza kumfundisha.

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, ni lazima kwanza kujua alichokirithi. Katika dini yetu, mwili wa mwanamke ulikuwa lugha ya ibada karne nyingi kabla yake. Chumba cha ndani kabisa cha hekalu, mahali panapokaa sanamu ya mungu, huitwa garbhagriha, maana yake nyumba ya tumbo la uzazi. Ni chumba kidogo, chenye giza, kisicho na madirisha, na mwenye kukikaribia hufika kama mtu anayerudi pale uhai ulipoanzia. Katika siku 9 za Navaratri, wanawake wa Gujarat hucheza wakizunguka garbo, yaani chungu cha udongo chenye matundu na taa inayowaka ndani yake. Chungu ni tumbo la mama, na taa ni uhai uliomo.

Kwenye kuta za hekalu la Jua la Modhera, lililojengwa karne ya 11, na katika kisima kikuu cha ngazi cha Patan kiitwacho Rani ki Vav, wamechongwa wanawake wenye vifua vilivyojaa na viuno vyembamba. Mpita njia huona uchi tu. Mchongaji alikusudia neema: maziwa, mvua, mavuno na kuendelea kwa vizazi. Ndiyo maana sanamu hizo ziliwekwa kwenye nyumba za ibada na penye maji, wala hazikufichwa. Huko Travancore kwenyewe, katika hekalu la Chengannur, huaminika kwamba Devi hupata hedhi kama mwanamke yeyote. Hapo ndipo milango ya chumba chake hufungwa kwa siku kadhaa, na baadaye hupelekwa kwa maandamano kuogeshwa katika mto Pamba. Jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa kunong'ona, huko hufanyiwa sherehe.

Hata hivyo, nchi ile ile iliyouheshimu mwili wa Devi iliwadhalilisha wanawake wengi. Katika Travancore ya utoto wa Ravi Varma, kufunika kifua hakukuwa suala la haya bali la daraja. Wanawake wa matabaka yaliyohesabiwa kuwa ya chini walikatazwa kukifunika mbele ya wakubwa wao. Wanawake wa jamii ya Wanadar walipigania haki ya kuvaa kitambaa cha juu kwa miongo kadhaa, kukawa na ghasia na kupigwa, hadi mwaka 1859 Maharaja alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kujifunika, mradi wasiige mtindo wa wanawake wa tabaka la juu. Ravi Varma alikuwa na umri wa miaka 11. Hatuna haja ya kumbunia mawazo aliyokuwa nayo, lakini ni vyema kukumbuka kwamba mchoraji aliyekuja kuwavika miungu wa kike sari alitoka katika nchi ambamo kipande cha kitambaa kilisababisha watu kumwaga damu.

Alipofikisha miaka 14, mwaka 1862, mjomba wake alimpeleka Thiruvananthapuram kwenye kasri la Maharaja Ayilyam Thirunal. Huko aliwatazama wachoraji wa kasri na kujifunza rangi za maji. Rangi za mafuta zilikuwa ngeni nchini, na waliozijua hawakupenda kuitoa siri yao. Mwaka 1868 alifika mchoraji wa Ulaya, Theodore Jensen, kumchora mfalme. Mgeni huyo hakukubali kumfundisha kijana, bali alimruhusu kumtazama akifanya kazi. Ravi Varma alitazama, akarudi chumbani kwake, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Ufundi uliomletea sifa aliupata kwa macho yake na kwa subira yake.

Mwaka 1866 alimwoa Bhageerathi, binti wa ukoo wa kifalme wa Mavelikkara, aliyekuwa bado mtoto wa miaka 12 kwa desturi ya zama hizo. Walijaaliwa watoto watano. Bhageerathi alifariki mwaka 1891 akiwa bado kijana, na Ravi Varma hakuoa tena.

Kabla ya kuifanya sanaa kuwa kazi yake ya maisha, alikwenda kuhiji kwa Devi Mookambika huko Kollur. Inasimuliwa kwamba alikaa hapo siku 41 katika sala na mfungo, akiomba idhini ya kuushika msanii wa brashi kama ibada. Safari hiyo, ya mwaka 1870, inatuonyesha alivyoielewa kazi yake. Kwake yeye, aliyetaka kumchora Mama alipaswa kwanza kumwomba ruhusa.

Sifa hazikuchelewa. Mwaka 1873 picha yake ya mwanamke wa Kinair akipamba nywele zake ilipata medali ya dhahabu huko Madras, kisha ikatuzwa katika maonyesho ya Vienna. Mwaka 1876 aliionyesha picha ya Shakuntala, binti wa msituni, akiwa amelala kifudifudi na kumwandikia mfalme Dushyanta barua kwenye jani la yungiyungi. Gavana wa Madras aliinunua. Mwaka 1893 picha zake 10 za wanawake wa sehemu mbalimbali za India zilipelekwa Chicago na kupata medali. Yeye mwenyewe hakuvuka bahari kamwe, kwa kuwa desturi ya tabaka lake ilikataza. Jambo la kushangaza ni kwamba picha za mtu asiyevuka bahari zilikuja kupachikwa kwenye nyumba za watu ambao walivuka.

Uhusiano wake na Gujarat ulianza kwa njia ya Sir T. Madhava Rao, aliyekuwa waziri mkuu wa Travancore na baadaye wa Baroda. Mwaka 1881 Ravi Varma na mdogo wake, mchoraji C. Raja Raja Varma, walialikwa Baroda wakati Maharaja Sayajirao Gaekwad wa tatu alipokabidhiwa madaraka. Miaka michache baadaye Maharaja huyo, ambaye alijenga shule na maktaba na kusifiwa kote kwa maendeleo ya ufalme wake, alimwagiza mchoraji picha 14 za masimulizi ya Mahabharata, Ramayana na Purana kwa ajili ya kasri lake.

Hapo ndipo likazuka swali gumu. Sita alivaa nini? Damayanti je, au Draupadi? Wanawake wa Kerala, wa Punjab, wa Bengal na wa Gujarat walivaa kila mmoja kwa namna yake, na kila jimbo lilijiona kuwa ndilo lenye haki. Mwaka 1888 ndugu hao wawili walisafiri kaskazini mwa India wakichunguza mavazi ya kale, sanamu na desturi, wakitafuta vazi moja ambalo kila Mhindu angelitambua kuwa lake. Hawakulipata, kwa sababu halikuwapo. Ravi Varma akachagua sari, hasa ile ndefu inayovaliwa Maharashtra, akawavika wanawake wa masimulizi yote. Picha hizo zilipokamilika mwaka 1890 zilionyeshwa hadharani, na umati mkubwa ulifurika kuzitazama. Kwa mara ya kwanza watu wa lugha tofauti waliwaona Damayanti na Draupadi wakiwa katika sura moja waliyoweza wote kuiita ya mama zao.

Baada ya hayo alimchora Lakshmi na Saraswati kwa namna tunayoijua leo. Hapa ndipo mahali pa kuyajibu maswali ya majirani. Sisi husema kwamba Mungu hana mwili unaoweza kupimwa, lakini moyo wa binadamu unahitaji mahali pa kutua. Nguvu inayozaa, inayolisha na inayolinda tunaiita Shakti, na mwili unaozaa, unaolisha na unaolinda ni wa mama. Ndiyo sababu ya sura ya kike. Mikono minne hutangaza kwamba huyu si mwanamke fulani aliyekaa mbele ya mchoraji. Mingi hufasiriwa kuwa ni mambo manne ambayo binadamu huyatafuta: wema wa maisha, riziki, furaha na wokovu. Yungiyungi huota kwenye tope bila kuchafuka nalo, na ndivyo mali inavyopaswa kukaa mkononi mwa mwenye nayo. Nyekundu ni rangi ya damu ya uhai na ya bibi arusi. Saraswati, Devi wa elimu, huvaa nyeupe kwa sababu elimu haitaki doa. Amepakata vina, chombo cha muziki chenye nyuzi, na tausi yupo kando yake.

Alama hizo Ravi Varma hakuzibuni. Zilikuwamo katika maandiko na katika mawe. Jambo alilofanya ni kuziweka katika mwili wa mwanamke ambaye ungeweza kumkuta mtoni au mlangoni pa nyumba yake, mwenye uzito, mwenye kivuli, mwenye macho yanayokutazama. Devi wa zamani ulimwendea. Huyu alikujia.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Picha za rangi za mafuta zilikuwa za wafalme. Madhava Rao alikuwa amemshauri mapema kwamba kazi zake zichapwe kwa wingi. Mwaka 1894, kwa ushirika na mfanyabiashara wa Mumbai, Govardhandas Khatau Makhanji, Ravi Varma alianzisha kiwanda cha uchapaji mjini humo, kikiwa na mitambo na mafundi kutoka Ujerumani. Picha ilihamishiwa kwenye mawe ya kuchapia, kila rangi na jiwe lake, kisha karatasi moja ikapitishwa juu ya mawe hayo yote moja baada ya jingine. Kosa dogo la kupanga karatasi liliweza kumpa Devi midomo miwili. Chapa ya kwanza kutolewa ilikuwa ya kuzaliwa kwa Shakuntala, zikafuata za Lakshmi, Saraswati na miungu mingine.

Mimi ni mtu wa biashara, na kwa hiyo naiangalia sehemu hii kwa makini. Bidhaa ilipendwa, wanunuzi walikuwa wengi, lakini kiwanda hakikumtajirisha. Mtambo ulikuwa wa gharama, ushirika ukawa na matatizo, na tangu mwaka 1896 tauni iliikumba Mumbai na kuwatawanya watu. Kiwanda kikahamishiwa Malavli, karibu na Lonavala. Mwanzoni mwa karne iliyofuata, Ravi Varma, akiwa na madeni, alikiuza kwa fundi wake Mjerumani, Fritz Schleicher, ambaye aliendelea kuzichapa picha hizo, na zikatumika hata katika matangazo ya bidhaa. Katika kiwanda hicho alifanya kazi Dadasaheb Phalke, ambaye mwaka 1913 alitoa filamu ya kwanza ndefu ya India. Kwa hesabu ya fedha, mchoraji alipata hasara. Kwa hesabu nyingine, kila nyumba iliyoweza kununua karatasi moja ya bei nafuu ilikuwa sasa na hekalu lake dogo.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka tukumbuke nani alikuwa akiingia hekaluni zama hizo. Mamilioni ya Wahindu waliozaliwa katika matabaka yaliyodharauliwa hawakuruhusiwa kukanyaga ua wa hekalu, sembuse kumwona Devi uso kwa uso. Mwanamke aliyekatazwa kumtazama Lakshmi wa jiwe aliweza sasa kumtundika Lakshmi wa karatasi juu ya jiko lake, akamwashia taa, akamweleza shida zake bila kuomba ruhusa ya mtu.

Hakukosa wapinzani, na haki inataka watajwe. Ananda Coomaraswamy na Sister Nivedita, waliozijua sana sanaa za kale, waliona kwamba miungu yake wanafanana mno na waigizaji wa jukwaani, na kwamba alikuwa ameiga Ulaya. Nivedita alichukizwa hasa na Shakuntala aliyelala chini akiandika barua. Wachambuzi wa baadaye wameongeza hoja nzito zaidi: wanawake wake karibu wote ni weupe wa ngozi na wenye sura ya watu wa tabaka la juu, kana kwamba Devi hawezi kuwa mweusi, ilhali Kali ni mweusi na tunamsujudia. Hoja hiyo ni ya kweli. Kwa upande mwingine, baadhi ya wanawake walioketi mbele yake huko Mumbai ili awachore walitoka katika jamii za waimbaji, ambao watu waliojiita waungwana hawakuwakaribisha majumbani mwao. Waungwana hao hao walizinunua picha, wakazitia udi na maua.

Mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilimpa medali ya Kaisar-i-Hind. Furaha haikudumu. Mapema mwaka 1905 alifariki mdogo wake Raja Raja Varma, aliyekuwa mkono wake wa kulia katika safari na kazi zote. Ravi Varma hakuwa na nguvu kama zamani baada ya msiba huo. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1906, akiwa na umri wa miaka 58.

Hadithi yake, hata hivyo, ina sura moja zaidi, na sura hiyo ni ya wanawake. Mwaka 1900 ukoo wa kifalme wa Travancore, uliokosa warithi wa kike, uliwachukua wajukuu wake wawili, Sethu Lakshmi Bayi na Sethu Parvathi Bayi, wawe mabinti wa kasri, kwa kuwa ufalme ulirithiwa kupitia tumbo la mwanamke. Sethu Lakshmi Bayi aliitawala Travancore kuanzia mwaka 1924 hadi 1931. Mwana wa Sethu Parvathi Bayi, Maharaja Chithira Thirunal, ndiye aliyetoa tangazo la tarehe 12 Novemba 1936 lililofungua mahekalu ya Travancore kwa Wahindu wa matabaka yote. Watu ambao walikuwa wamemjua Devi kwa karatasi tu wakaingia wakamwona. Aliyefungua mlango alikuwa kitukuu wa yule aliyewapelekea picha.

Usiku wa Diwali, sisi wafanyabiashara huvifungua vitabu vipya vya hesabu mbele ya picha ya Lakshmi, Saraswati na Ganesh, tukavipaka kunkumu na kuandika neno la heri. Lakshmi anapokuwa ukutani tunamwinamia. Mke, dada, binti na mfanyakazi wa kike wa nyumbani wana mwili ule ule aliouchagua mchoraji kumchorea Devi, na mwenye kuinama asubuhi kisha akawadharau jioni ameisoma picha nusu tu. Mabinti wadogo ambao huoshwa miguu na kulishwa katika Navaratri kama Devi mwenyewe wanastahili pia karo ya shule Januari ikifika.

Majirani zetu, nanyi mnakaribishwa. Navaratri ijayo mtakapoona chungu chenye matundu katikati ya uwanja wa hekalu na taa ndani yake, mtajua maana yake. Milango itakuwa wazi kwa wote, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.